Jicho Libadilishwe, Kidole Kiombwe Ruhusa

Kwenye vyumba vya gemu vya Mombasa, iwe Majengo, Kisauni au Changamwe, kuna sheria isiyohitaji kubandikwa ukutani: aliyefungwa ndiye alipaye. Mshindi anabaki na pedi, aliyeshindwa anatoa hela ya mechi na kurudi mwisho wa foleni. Kwa hiyo mchezo mpya wa mpira unapoingia mwishoni mwa Septemba, mabadiliko yake hayabaki kuwa mada ya baraza. Yanalipiwa papo hapo. Kampuni ikiwa imesogeza wakati wa kupokonya mpira hata kwa robo sekunde, kuna barubaru atakayetoa shilingi zake jioni hiyo kwa sababu kidole chake bado kinaishi mwaka jana.

Husemwa kila mwaka kwamba mashabiki wa mifululizo mikongwe wamegawanyika kambi mbili, wazee wasiotaka kitu kiguswe na wageni wanaotaka kila kitu kiwe kipya. Maneno hayo yanapotosha. Mifululizo iliyodumu miaka 20 au 30 imebadilika mno, na wazee wale wale wameinunua. Wamekubali kamera ihamishwe, shujaa auawe, baba arithiwe na mwana. Kinachowachoma ni kunyang'anywa ustadi wa mkono walioutafuta kwa miaka, tena pasipo badala. Mtengenezaji ana uhuru mkubwa juu ya kinachoonekana. Kinachofanywa na kidole kina mwenyewe, na mwenyewe huombwa.

Tuanze na mpira. Enzi za PlayStation 2, vyumba vingi vya hapa vilikuwa vya PES, mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami. Kidole kilijua X ni pasi, mraba ni shuti, duara ni krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza. FIFA, mshindani wake, ilikuwa na mpangilio wake: shuti ni duara, krosi ni mraba. Tofauti ni ya vitufe viwili tu, lakini iliumiza. Mshambuliaji amebaki na kipa peke yake, mkono unabonyeza mraba kwa mazoea, na mpira unapaa kama krosi kwa mtu ambaye hayupo. Dawa ilikuwa ndani ya mipangilio ya FIFA yenyewe, mpangilio ulioitwa Alternate, uliobadilishana vitufe hivyo viwili. Haukuhitaji kugusa mwendo wa mpira wala kulipia haki za ligi yoyote. Ni mstari mmoja kwenye menyu. PES ilipoanza kuchoka, wachezaji wake walivuka kama waendao kwa miguu kwenye feri ya Likoni, bila nauli na mzigo wao kichwani.

Konami yenyewe ilikuja kufanya kinyume chake. Tarehe 30 Septemba 2021 ilitoa eFootball 2022. Jina la PES limeondoka, injini ya Fox, programu iliyouendesha mchezo, imeachwa kwa ajili ya Unreal, mchezo umekuwa wa bure wenye mpango wa kuwaunganisha watu wa konsoli na wa simu, Master League, ile hali ya kuiongoza klabu msimu baada ya msimu, haimo, na klabu za kuchezea ni 9. Kila badiliko lilikuwa na sababu ya maana likitazamwa peke yake. Kosa lilikuwa kuyafanya yote usiku mmoja. Shabiki aliyekasirika hakuweza kueleza vizuri kilichomuudhi, na kampuni haikuweza kupima, maana ukihamisha nguzo zote pamoja na paa likaja chini, hujui ni nguzo ipi iliyokuwa imelishika. Radhi iliombwa, na toleo 1.0.0 halikutoka hadi Aprili 2022. Kwenye simu mchezo ule ulipata watu wake, na wengi. Wale waliokuwa wakikesha na Master League waliambiwa wasubiri.

Anayetaka kujifunza kubadilika bila kupotea aingie darasa la Resident Evil, mfululizo wa michezo ya hofu, kwa kuwa Capcom, kampuni inayoutengeneza, imefaulu na imefeli humo humo, na sababu zinaonekana kwa macho.

Mchezo wa kwanza, mwaka 1996, ulikuwa na kamera zilizofungwa kwenye pembe za vyumba. Mhusika aligeuka kama lori la Bandarini. Kati ya mashujaa wawili wa kuchagua, Chris alikuwa na nafasi 6 za kubebea vitu, Jill 8, na kuhifadhi ulipofika kulikula utepe wa wino wa taipureta. Mwaka 2005 ikaja Resident Evil 4. Kamera imehamia nyuma ya bega la shujaa Leon, jumba limekuwa kijiji, na badala ya wafu wanaojikokota kuna wanavijiji wanaopanga mashambulizi na kupigiana kelele kwa Kihispania. Kwa jicho, huu ni mchezo mwingine kabisa. Lakini jaribu kulenga huku unatembea: huwezi. Ukiinua bunduki, miguu inaganda. Ile sheria ya 1996, kwamba lazima uchague kukimbia au kupiga, iliachwa pale pale, na hofu yote ya mchezo inakaa ndani ya uchaguzi huo. Aliyetoka jumba la kwanza aliipata hofu yake ileile, kwa kamera mpya.

Kisha Resident Evil 6, mwaka 2012. Hapa kampuni ilitaka kila kundi lipate chumba chake: safari ya Leon yenye giza, ya Chris yenye vita, ya Jake yenye kukimbizwa, na ya Ada pembeni. Mshika mbili moja humponyoka. Hapa zilishikwa nne. Na hilo halikuwa kosa kubwa zaidi. Kosa kubwa ni kwamba mhusika sasa aliweza kutembea huku akipiga, kubingirika, kulala chali na kuendelea kupiga, kisha kuinuka na teke. Mkono ukishakuwa na majibu yote hayo, giza la safari ya Leon linabaki kuwa rangi tu. Mchezo uliuza mamilioni ya nakala, kwa hiyo hatuzungumzi hasara ya duka. Tunazungumza mfululizo uliowapa watu wa hofu mandhari ya hofu bila kuwapa hofu yenyewe.

Mwaka 2017 Resident Evil 7 iliiingiza kamera ndani ya macho ya mhusika. Wapo waliolia kwamba huu si mchezo wao tena. Waliocheza walikuta begi lenye nafasi za kuhesabu, chumba cha usalama chenye sanduku, kinasa sauti cha tepu kikikaa mahali pa taipureta, majani ya kuchanganya dawa, na mlango unaodai ufunguo wenye nge. Jicho lilikuwa limebadilika mara ya pili. Mfuko ulikuwa wa 1996.

Kuna anayeweza kunikamata hapa na kusema: mbona Resident Evil 2 ilipotengenezwa upya mwaka 2019, mchezaji aliruhusiwa kutembea huku akilenga na hofu ikabaki? Swali zuri, na jibu lake ndilo ufundi wenyewe. Alama ya kulengea hutanuka ukitembea na kujikusanya ukisimama. Risasi ya mtu anayetembea huenda popote. Ya aliyetulia hufika kichwani. Marufuku iligeuzwa ikawa bei. Mgeni hakwami kwa sheria asiyoielewa, na mzee anakuta uchaguzi wake ungalipo, ila sasa unapimwa kwa hatua ndogo ndogo. Resident Evil 4 mpya ya 2023 ilifuata njia hiyo na kuongeza kisu kinachoweza kupangua pigo, lakini kisu hicho huchakaa na kuvunjika. Kila kilichotolewa kilirudishiwa kitu cha uzito wake.

Wanaouza leso pale Biashara Street hawahitaji kufafanuliwa hili. Mji hubadilika, rangi hubadilika, jina hubadilika kila leo, na mama anayenunua ya kumi na tano hajisikii kuibiwa. Mwuzie kitambaa kisicho na pindo uone.

Kwenye michezo ya kupigana, mwaka 1997 ulitupa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga vizuri zaidi. Tekken 3 na Street Fighter III zilitoka kwenye mashine za ukumbini mwaka huo huo, na zote mbili zilifanya jambo la hatari: zilifukuza sehemu kubwa ya wapiganaji waliojulikana. Tekken 3 iliruka mbele takriban miaka 19 katika hadithi. Marshall Law hayupo, yupo mwanawe Forest. Michelle hayupo, yupo Julia. Baek hayupo, yupo mwanafunzi wake Hwoarang. Sura ni ngeni, lakini aliyekuwa na mateke ya Law vidoleni aliyakuta kwa Forest na kuanza kupiga siku ileile. Mtoto alirithi mikono ya baba. Street Fighter III, kwa upande wake, iliwabakisha Ryu na Ken tu. Aliyekuwa amempa Guile au Chun-Li miaka yake sita aliambiwa aanze upya na mtu asiyemjua. Chun-Li alirudi mwaka 1999 katika 3rd Strike, lakini kundi kubwa lilikuwa limeshatawanyika. Street Fighter IV ya 2008 iliwarudisha wapiganaji wote wa msingi wa Street Fighter II, na haikuona haya.

Nikiri upande wa pili. Ndani ya Street Fighter III mlikuwa na kupangua: kusukuma kijiti mbele wakati hasa pigo linapofika, na lisikuguse. Ilikuwa fikra mpya, ngumu, na wanaoupenda mchezo ule hadi leo wanaupenda kwa hilo. Pambano la mashindano ya Evo 2004, Daigo Umehara akipangua mateke 15 mfululizo ya Chun-Li wa Justin Wong, bado linaonyeshwa kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa. Fikra ile ingeweza kuingia nyumbani kwa watu wengi zaidi kama wapiganaji wao wangekuwa mlangoni kuipokea.

Tekken nayo ilijikwaa, na namna ilivyoinuka inanipendeza kuliko mfano mwingine wowote. Katika Tekken 4, iliyoingia ukumbini mwaka 2001, sakafu zilipewa miinuko na kuta zikaongezwa. Jin Kazama, kipenzi cha Tekken 3, alivuliwa mtindo wa ukoo wa Mishima na kufundishwa karate. Sakafu yenye mwinuko iliharibu kombo, yale mapigo yanayofuatana bila kukatika: pigo la tatu linalomkuta mpinzani hewani kwenye uwanda lilimkosa kwenye mteremko, na mchezaji hakuwa amekosea chochote. Tekken 5, 2004, iliondoa miinuko na kuacha kuta, kwa kuwa ukuta unaweza kujifunza kuutumia, lakini mteremko unakukosesha tu. Na kwa Jin? Hawakumrudisha alikokuwa, wala hawakuwapuuza waliomlilia. Jin akabaki na karate yake, na pembeni akaongezwa Devil Jin akiwa na mapigo ya zamani. Mtu mmoja akagawanywa wawili, kila kambi ikachukua wake. Suluhu hiyo iligharimu nafasi moja tu kwenye ukurasa wa kuchagua wapiganaji.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri wastani. Mashabiki wakigawanyika, kishawishi cha kampuni ni kutafuta katikati: mchezo usiwe wa kasi mno wala wa taratibu mno, kukaba kusiwe kwa mkono wala kwa mashine. Kwenye mpira tumeyaona. Mchezo unatoka ukiwa mzito na mabeki wana nguvu, kelele zinapigwa, sasisho linauharakisha, kundi la pili linapiga kelele, sasisho lingine linaurudisha nusu. Kabla mwaka haujaisha, hakuna anayeutambua mchezo alionunua.

Bora kuzigawa sheria. FIFA 12 ilipoleta ukabaji mpya ilifanya hivyo. Awali ulishikilia kitufe kimoja na mchezaji wako alimkimbilia mwenye mpira na kumpokonya mwenyewe. Sasa kitufe hicho kilimzingira adui kwa umbali tu, na kupokonya kukawa tendo lako lenye wakati wake, ukikosea, umepitwa. Ukabaji wa zamani uliachwa kwenye mipangilio. Mwaka 2025, FC 26, mrithi wa FIFA kwa jina jipya, ilikwenda mbali zaidi: hali mbili za uchezaji, moja ya ushindani kwa mechi za mtandaoni, nyingine ya kufanana na uwanja halisi kwa wanaocheza Career, hali ya kuiongoza klabu. Imechukua miaka mingi kukubali kwamba anayetafuta pointi za Ultimate Team, hali ya kujenga kikosi cha kadi na kushindana mtandaoni, na anayelea timu ya daraja la chini kwa misimu kumi hawachezi mchezo mmoja. RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Jagex, ilikuwa imefika huko tangu 2013. Baada ya kubadili mfumo wa mapigano mwaka 2012 na kuona watu wakiondoka, Jagex ilifufua nakala ya 2007 na kuiendesha kando, na mambo mapya ya nakala hiyo yakawa yanapigiwa kura na wachezaji kwanza.

Kura, hata hivyo, haifai kila mahali, kwa kuwa shabiki hujua panapomuuma lakini hutaja dawa isiyo yake. Zelda ya 2017, Breath of the Wild, iliwagawa watu kwa silaha zinazovunjika. Dawa iliyotajwa kila mahali ilikuwa moja: zisivunjike. Nintendo ingeitii, ingelazimika kujaza makasha ya hazina kitu kingine kabisa, maana upanga wa kumi hauna kazi kwa mwenye upanga usiokufa. Tears of the Kingdom ya 2023 iliziacha zivunjike na kuleta uwezo wa kugandisha kitu chochote kwenye silaha: jiwe kwenye fimbo, pembe ya adui kwenye upanga. Silaha ikiisha, umebaki na pembe tano begini na hamu ya kujaribu. Kilichokuwa kinauma ni hisia ya kupoteza, na hiyo ndiyo iliyotibiwa.

Anayekaa mezani kupanga toleo la nane afanye nini, basi? Aandike kwenye karatasi moja mkono unafanya nini kila nusu dakika. Hadithi aiweke kando kwanza. Karatasi ya Tekken ingeanza na mstari huu: kila kiungo kina kitufe chake, mikono miwili na miguu miwili, vinne tu, tangu 1994. Ya Resident Evil: hesabu ulichonacho, chagua, kisha kimbia au simama. Karatasi ikizidi mistari mitano, bado hajaujua mchezo wake. Kisha achague mstari mmoja wa kubadilisha, na mbele yake aandike kitakachorudishwa kwa aliyeuzoea. Nafasi hiyo ikiwa tupu, badiliko halijaiva.

Majaribio ndiyo huharibika zaidi. Mchezo mpya ukionjeshwa kwa dakika 15 kwenye banda la maonyesho, upya hushinda daima. Kila mtu hutoka akitabasamu. Maumivu ya mzoefu hujitokeza siku ya tatu, anapogundua kwamba jibu lake la miaka kumi halifanyi kazi na hakuna jingine. Kwa hiyo mjaribu mwenye mamia ya saa mkononi apewe siku kadhaa, na asiulizwe kama ameupenda. Ihesabiwe ni mara ngapi kidole kimekwenda kwenye kitufe cha zamani, na siku ya tatu hesabu hiyo imepungua au imebaki ileile. Ikibaki ileile, mpangilio wa zamani uwekwe kwenye menyu. Na haya yafanyike miezi mingi kabla. Jaribio la wazi la wiki chache kabla ya kuuza hupima seva. Ya mkono hayarekebishiki tena wakati huo.

Street Fighter 6 ya 2023 ilionyesha bei inavyoweza kuwekwa wazi. Mgeni akitumia mpangilio wa Modern, pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja, lakini akilitoa kwa njia hiyo ya mkato linabeba asilimia 80 ya nguvu, na baadhi ya mapigo ya kawaida hanayo kabisa. Wazee wangali wanateta kwamba punguzo ni dogo, hasa kwa pigo la kumdungua anayeruka, ambalo kwa kitufe kimoja hutoka haraka kuliko kuzungusha kijiti. Hata hivyo wanateta juu ya tarakimu, na tarakimu hubadilishwa mchana mmoja.

Tekken 8 haikuwa na bahati hiyo. Mchezo ulitoka Januari 2024 ukiwa tayari umeegemea mashambulizi, na msimu wake wa pili, Aprili 2025, ukawapa wapiganaji wengi zana zaidi za kulazimisha mpinzani abahatishe. Wachezaji waliojenga ustadi wao kwa kurudi nyuma, kupima umbali na kuadhibu kosa walijikuta wanarusha sarafu. Tathmini kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, zilianguka, na Bandai Namco, kampuni ya Tekken, ikabidi itoe marekebisho ya haraka. Yalipunguza makali ya mapigo kadhaa. Mwelekeo haukugeuka kwa wiki chache.

Na chumba cha gemu hakina njia nzuri ya kurudi. Ukitaka Tekken 8 ya siku ya kwanza kwenye PS5, unafuta mchezo, unaizima intaneti, unausakinisha upya kutoka kwenye diski, na kukubali kuwakosa wapiganaji walioongezwa baadaye na mechi zote za mtandaoni. Siku mtu akiiwasha Wi-Fi kwa bahati mbaya, sasisho linajishusha lenyewe. Kwenye PlayStation 2 iliyowekwa rafu ya chini, Tekken 5 iko vile vile: Jin na karate yake, Devil Jin na urithi wake, na aliyefungwa ndiye alipaye.